Rosa Mistika: tumemhukumu Rosa vya kutosha, sasa tuiangalie ile nyumba ya Zakaria

Msomaji wa Kale (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Wakubwa shikamooni.

Uzi utakuwa mrefu, mwenye haraka auhifadhi arudi usiku akiwa ametulia. Kama hujasoma kitabu, humu nitaeleza mpaka mwisho wake, kwa hiyo amua mapema.

Nataka tuizungumze Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, riwaya yake ya kwanza, iliyotoka mwaka 1971. Iliwahi kupigwa marufuku mashuleni kwa sababu ilisema wazi mambo ya ngono, baadaye ikaruhusiwa ikaingia madarasani. Huenda ndiyo riwaya ya Kiswahili iliyosomwa kwa siri kuliko zote. Lakini kila ikitajwa, mjadala unaishia palepale: baba alikuwa mkali kupita kiasi, binti alipopata uhuru akaharibika, basi wazazi wasibane sana wala wasiachie sana. Hilo ndilo jibu la mtihani. Ukiliandika hivyo unapata alama zako na maisha yanaendelea.

Mimi jibu hilo linaniuma. Limemfanya Rosa awe mfano wa tabia mbaya, wakati ukikisoma kitabu taratibu unakutana na msichana anayezama mbele ya macho ya watu na hakuna hata mmoja anayemuuliza una nini.

Kwa waliosahau: kisa kinaanzia Namagondo, Ukerewe, kijiji alichozaliwa mwandishi mwenyewe mwaka 1944. Zakaria alikuwa mwalimu, sasa ni mlevi. Mkewe ni Regina. Watoto ni Rosa, Flora, Honorata, Stella, Sperantia na kitinda mimba wa kiume, Emmanuel. Yasikilizeni hayo majina. Mabinti wote wamebatizwa majina ya Kilatini, na jina la kitabu limetoka kwenye litania ya Bikira Maria, ile sala ya kumtaja kwa sifa zake. Ukipita nje ni familia ya Kikatoliki inayojiheshimu. Ndani mama anapigwa, pesa inaishia kwenye pombe, na watoto wanajua hatua za baba akirudi amelewa zinasikikaje na akirudi hajalewa zinasikikaje.

Kisha inakuja barua ya Charles. Kijana kaandika barua ya mapenzi, baba kaigundua. Zakaria hamwiti binti yake akamkalisha chini. Anampiga kipigo cha kumdhalilisha, cha kumwonyesha kijiji kwamba yeye bado ana amri nyumbani kwake. Mwanaume aliyeshindwa kulisha nyumba anatafuta sehemu moja ambayo bado anaweza kuitwa baba, na sehemu hiyo ni mwili wa mtoto wa kike. Hapo ndipo ninapoona mauti ya Rosa yanaanza. Mambo ya Morogoro, alikosomea ualimu, yalikuja baadaye.

Akienda shule ya wasichana Mwanza anawaogopa wanaume mpaka anakuwa kama mtu wa ajabu kwa wenzake. Watu wanasema "alikuwa na maadili". Hapana jamani. Ile ilikuwa hofu. Mtu aliyepigwa vile kwa ajili ya barua tu, atamtazama mwanaume kwa jicho gani? Halafu anatokea Deogratias, Bwana Maendeleo, mtu mzima mwenye cheo, ndiye anayekuwa wa kwanza. Baada ya hapo chuo cha ualimu Morogoro, wanaume mmoja baada ya mwingine, mkuu wa chuo Thomas akiwa miongoni mwao, mimba zinatolewa. Anakuja kutulia, anataka kuanza upya, Charles anarudi, ndoa inakaribia. Charles anapoujua ukweli wa maisha yake anamwacha. Rosa anajiua. Mama yake naye anakufa kwa pigo hilo.

Sasa chukueni kila hatua hapo mjiulize swali moja: Rosa angemwambia nani?

Baba, hapana. Mama anampenda sana, lakini mama mwenyewe anaficha ya kwake. Binti anayemwona mama yake anapigwa usiku na asubuhi anabeba mtungi kwenda kisimani akisalimiana na majirani kana kwamba hakuna kitu, anajifunza kwamba mambo ya ndani hayatoki nje. Regina hakumfundisha kwa mdomo, alimfundisha kwa kuishi hivyo kila siku. Kanisani, anachokibeba ni dhambi ya kuungamwa, huzuni haina mahali pake. Chuoni wanamwona mrembo, anajipamba, anacheka, anatafutwa. Na ukweli ulipomfikia yule mtu mmoja aliyempenda tangu zamani, malipo yake yalikuwa kuachwa.

Ndiyo maana nasema tunaisoma vibaya tukiiita riwaya ya umalaya. Ni riwaya ya siri za nyumbani na ya sonona, ile huzuni nzito ambayo ni ugonjwa, iliyokosa mtu wa kuipokea. Nawasikiliza.

Mwalimu wa Riwaya

Mleta uzi, umeandika vizuri na nakubaliana na mengi. Lakini naomba nikupinge penye moyo wa hoja.

Kezilahabi alikuwa mtu wa falsafa. Tazama alichofanya baadaye: Kichwamaji mwaka 1974, Dunia Uwanja wa Fujo 1975, mpaka Nagona na Mzingile ambazo ni falsafa tupu. Swali lake la kudumu ni binadamu na uhuru wake: nifanye nini na maisha haya niliyopewa bila kuulizwa? Ukimfanya Rosa kuwa mgonjwa, umemnyang'anya uamuzi. Kila alichofanya Morogoro kinageuka kuwa dalili. Mwandishi hakutaka hivyo. Ndiyo maana mwishoni anampeleka Rosa mbele ya Mungu yeye pamoja na baba yake, wanashtakiana. Mgonjwa hapelekwi mahakamani. Anapelekwa mtu mwenye kuulizwa.

Msomaji wa Kale (mleta uzi)

Mwalimu, nashukuru, hii ndiyo aina ya upinzani niliyoitaka.

Mimi sitaki Rosa asiulizwe. Nataka tuulize na wengine. Na kuhusu ile mahakama, itazame tena. Duniani kitabu kizima Rosa hajawahi kusimama mbele ya baba yake akamwambia "ulinifanyia hivi". Hata sentensi moja hakuwahi kupata nafasi ya kuisema. Mahali pa kwanza anaposikilizwa sawa na baba yake ni baada ya kufa. Mwandishi amelazimika kuwatoa wote wawili duniani ndipo baba na binti wazungumze! Mimi nikifika hapo hufunga kitabu kwanza. Kuna nyumba ngapi Tanzania hii ambazo mazungumzo hayo yanasubiri msiba?

Halafu mtu kuwa na sonona hakumwondolei akili wala uamuzi. Anachagua, ila anachagua akiwa amebeba mzigo ambao wewe huuoni.

Muuguzi wa Kanda

Habari zenu. Nafanya kazi kwenye afya ya akili, naomba nichangie kwa upande huo.

Kwanza, hatuwezi kumpima mhusika wa kitabu. Kuna mambo tunayauliza kliniki ambayo mwandishi hakuyaandika. Sonona tunaizungumzia pale huzuni au kupoteza hamu ya mambo inapokaa siku nyingi, kuanzia wiki mbili mfululizo, na inaambatana na mengine: usingizi kuharibika, chakula kukosa ladha au kula kupita kiasi, mwili kuchoka bila kazi, kujiona huna thamani, kujilaumu, kufikiria kufa. Hilo la kujiona huna thamani ndilo ambalo kwa Rosa linaonekana waziwazi.

Pili, watu wengi wanadhani mwenye sonona lazima ajifungie ndani akilia. Wapo wanaokuja kliniki wamevaa vizuri, wanaongea vizuri, wanafanya kazi. Wapo wanaokimbilia pombe au mapenzi ya ovyo kwa sababu kwa dakika chache hawajisikii watupu. Kwa hiyo Rosa wa Morogoro anayecheka na kujipamba hanishangazi hata kidogo.

Tatu, mmemsahau Zakaria. Mwanaume aliyekuwa mwalimu, kijijini miaka ile, mwalimu alikuwa mtu! Leo hana kazi hiyo, anategemea mke, anakunywa kila siku, ana hasira za karibu. Wanaume wa namna hii tunawapata kwa shida sana. Hawaji kusema "nina huzuni". Wanaletwa wakiwa wameumiza mtu au wameumia wenyewe. Simtetei, kipigo ni kipigo. Ila kama tunataka kuizungumza sonona kwenye nyumba ile, yawezekana haikuanza kwa Rosa.

Mtoto wa Nansio

Muuguzi umegusa palepale. Sisi wa kisiwani tunawajua akina Zakaria. Kisiwa ni kidogo, kila mtu anajua nani ni mtoto wa nani, na aibu haina pa kwenda. Mjini ukiaibika unahama mtaa. Namagondo unahamia wapi? Watu wanajua mwenzako anapigwa, wanamsikia usiku, asubuhi wanamsalimia "umeamkaje" naye anajibu "salama". Kila mtu anajua na kila mtu anajifanya hajui.

Na kipigo kile cha barua kilikuwa na watazamaji. Ndicho kilichomtenga Rosa na kijiji chake. Alipokwenda Mwanza alikuwa ameshaachana na Namagondo moyoni.

Binti wa Chuo

Naomba tukae kidogo kwa Deogratias na Thomas maana kila mtu anawapita haraka. Bwana Maendeleo ni mtumishi wa serikali. Thomas ni mkuu wa chuo. Msichana ni mwanafunzi. Halafu kwenye notisi za shule tunaandika "Rosa alijihusisha na mapenzi na mkuu wa chuo". ALIJIHUSISHA? Mtu ambaye kufaulu kwako kuko mkononi mwake?

Siku hizi lina jina, rushwa ya ngono, na limo kwenye sheria: kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Kitabu kilitangulia sheria hiyo kwa miaka zaidi ya 30. Kezilahabi aliliona akiwa kijana tu aliyetoka chuo kikuu, akaliandika, na tulichofanya ni kukipiga marufuku kitabu.

Na zile mimba. Mtasema alikosa utu. Kwa miongo mingi hapa kwetu mwanafunzi kupata mimba maana yake ilikuwa kufukuzwa, mlango umefungwa. Ruhusa ya waliojifungua kurudi kwenye shule za kawaida imekuja Novemba 2021. Rosa na wenzake walikuwa wanachagua kati ya kuificha mimba na kurudi kwa baba kama Zakaria na tumbo mbele. Hebu mjiweke hapo.

Kaka Mkubwa

Dada Binti wa Chuo nimekuelewa, ila mnamwonea Charles. Mwanaume anayetaka kuoa ana haki ya kujua anaoa nani. Alimpenda tangu wakiwa wadogo, alimsubiri, halafu anakuta historia kubwa amefichwa. Ningekuwa mimi ningeumia pia. Mbona wote mnamhurumia Rosa, Charles hana moyo?

Msomaji wa Kale (mleta uzi)

Kaka Mkubwa, haki ya kujua alikuwa nayo. Haki ya kuumia pia. Hata kuvunja uchumba, mtu halazimishwi kuoa.

Ninachomlaumu Charles ni kwamba alichokuwa anakitaka hakikuwa Rosa. Alikuwa anamtaka yule msichana wa ile barua, ambaye kipigo kilimuua zamani, na sehemu ya kipigo kile ilitokana na barua ya Charles mwenyewe. Alipomwona mwanamke halisi mbele yake, aliyepitia mambo, aliyebadilika, aliyekuwa anajitahidi kusimama, akamwona bandia. Na Rosa alikuwa ameweka uzima wake wote pale. Mtu aliyekaribia kupona hivi akarudishwa chini na mtu wa mwisho aliyemwamini.

Hakukusudia. Lakini hata mara moja hakumuuliza "yalikupataje?" Aliishia kwenye "kumbe".

Mwanaparokia

Tumsifu Yesu Kristo, kwa wale wa upande wetu. Nimesoma mjadala wote na kuna jambo la Kanisa ambalo naona linaongeza uzito kwenye ile mahakama ya mwisho.

Kitabu kilitoka 1971. Wakati huo Kanisa lilikuwa bado linatumia Sheria ya Kanoni ya mwaka 1917, ambayo ilimtaja wazi mtu aliyejiua kwa kukusudia miongoni mwa wanaonyimwa mazishi ya Kanisa. Sheria mpya ya mwaka 1983 iliwaondoa kwenye orodha hiyo. Na Katekisimu ya 1992, aya ya 2282 na 2283, inasema kwamba msukosuko mkubwa wa akili au hofu kali hupunguza uwajibikaji wa mtu, na kwamba tusikate tamaa juu ya wokovu wa milele wa waliojiua.

Sasa fikirini. Kezilahabi amelelewa kikatoliki, amesoma seminari Nyegezi. Alijua vizuri wakati ule mtu kama Rosa anatazamwaje. Na anafanya nini? Anamfikisha mbele ya Mungu. Anampa kesi, anampa mdomo. Hata kabla ya kufika kwenye hukumu, kule kumruhusu asimame ajieleze lilikuwa jambo kubwa sana kwa mwaka 1971.

Mwalimu wa Riwaya

Mwanaparokia, asante sana. Hilo la 1917 na 1983 nilikuwa silijui, na limenifanya niione ile sura kwa namna nyingine. Bado nashikilia kwamba Rosa ni mtu mwenye uamuzi. Ila naona sasa kwamba mahakama ile inaweza kuwa ya kumtetea kuliko kumhukumu. Nitaipeleka darasani hivyo wanafunzi wabishane.

Mama Wawili

Sijui kuchambua vitabu kama nyie. Niliusoma Rosa zamani na leo nimesoma uzi wote nikiwa jikoni maharage yakiwa motoni.

Kwetu kulikuwa na shangazi. Alikuwa fundi cherehani, mcheshi, harusi zote za ukoo nguo anashona yeye. Alipofariki tukaambiwa malaria. Sisi watoto tukakua tukijua malaria. Nilishaolewa ndipo bibi akaniambia ukweli, tena kwa kunong'ona, akatazama mlango kwanza. Alikuwa amehangaika na mawazo muda mrefu, watu wanamwambia sali, jikaze, una bahati gani wewe mume yupo watoto wapo. Kilichoniuma zaidi ni kwamba hata mimi niliwahi kupita kipindi kama kile baada ya kujifungua, na nilidhani niko peke yangu kwenye ukoo mzima. Kumbe ningeambiwa habari za shangazi ningejua hii kitu ipo, ningetafuta msaada mapema.

Muuguzi wa Kanda

Mama Wawili, pole sana dada, na asante kwa kulisema hapa.

Hiyo "malaria" ipo kila mkoa. Sababu moja ni aibu. Nyingine ni sheria: kwa Tanzania, kujaribu kujiua bado ni kosa kwenye Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 217. Familia inaleta mtu hospitali huku inaogopa polisi, kwa hiyo inatudanganya sisi wauguzi kuhusu kilichotokea, na tukidanganywa tunatibu nusu. Kwa jirani zetu Kenya, Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu chao cha 226 kinapingana na katiba. Natamani na sisi tufike huko.

Na kwa mama yeyote anayesoma: huzuni baada ya kujifungua isiyoisha ni ugonjwa unaotibika. Ukienda kliniki ya mtoto, mwambie muuguzi na habari zako wewe. Hospitali za rufaa za mikoa zina huduma ya afya ya akili, Muhimbili ipo, Mirembe Dodoma ipo. Huhitaji kusubiri uchanganyikiwe.

Mbali na Nyumbani

Nawasoma kutoka Marekani. Niwape habari: Rosa Mistika imetoka kwa Kiingereza mwaka 2025, mfasiri ni Jay Boss Rubin, wachapishaji Yale University Press. Nimemnunulia binti yangu, Kiswahili chake ni cha kuombea maji tu. Amemaliza kwa siku chache na swali lake la kwanza likawa: "Mbona mama yake hakuondoka?" Sikuwa na jibu la haraka. Mnisaidie.

Mtoto wa Nansio

Angeondoka na watoto sita aende wapi? Kwao mahari imeshaliwa, wazazi wake watamrudisha. Kanisa halivunji ndoa. Shamba ni la mume. Mwambie binti yako Regina alibaki ili wale watoto wale na wasome. Ndiye aliyekuwa anaishikilia ile nyumba yote.

Msomaji wa Kale (mleta uzi)

Namuunga mkono Mtoto wa Nansio, na nitaongeza kidogo. Mwambie binti asome tena sehemu za Regina peke yake, aruke mengine. Ataona mwanamke anayefanya kazi tangu alfajiri, anayewapigania mabinti zake wasome katika nyumba ambayo baba anakunywa kilichopo. Ni mtu shujaa. Lakini silaha pekee aliyokuwa nayo ni kuvumilia, na akamrithisha Rosa, na kwa Rosa haikutosha.

Kuna mdau ameniuliza inbox asome nini baada ya hii. Kichwamaji ndiyo ndugu yake wa karibu. Humo mhusika mkuu ni Kazimoto, msomi wa chuo kikuu, anayesimulia mwenyewe. Kwa hiyo yale ambayo kwa Rosa tunayaona kwa nje, kwa Kazimoto tunayasikia kutoka ndani ya kichwa chake. Naye mwisho wake ni kama wa Rosa, nasema mapema kwa makusudi: kama uko kwenye kipindi kibaya sasa hivi, acha kwanza, kitabu hakikimbii. Tafuta mtu wa kuongea naye. Ukikosa, niandikie inbox, nitakujibu hata usiku.

Walio tayari, tuanze Kichwamaji wiki ijayo kwenye uzi mpya. Mwalimu wa Riwaya, nakuomba wewe ufungue, maana kwa Kazimoto hoja yako ya uhuru ina nguvu kuliko ilivyokuwa hapa na nataka kukupinga nikiwa nimejiandaa.